Mkonge wa Tanga, gharama ya Buha

Ndugu mwenyekiti, walimu, wazee wangu mlioketi mbele, mama zangu, na nyinyi wanafunzi wa uuguzi ambao ndio hasa mlioniita: mwidiwe.

Nimeombwa nizungumzie mashamba ya walowezi na afya ya wananchi. Mtu akitajiwa walowezi, mawazo yake hukimbilia Kenya, kwenye zile nyanda za juu zilizotengwa kwa ajili ya Wazungu. Akibaki hapa nchini ataitaja Meru, ambako mwaka 1951 watu wapatao 3,000 waliondolewa kwa nguvu Engare Nanyuki ili eneo lao lipewe wafugaji wa Kizungu, na mwaka uliofuata Kirilo Japhet akaenda kulisema jambo hilo mbele ya Umoja wa Mataifa. Hadithi hizo zina uzito wake. Zina ardhi iliyoporwa, nyumba zilizochomwa, na mtu wa kunyooshewa kidole.

Buha, nchi yetu ya Waha huku Kigoma, haina hadithi ya namna hiyo. Hapa Kasulu hapakuwa na shamba la mkonge. Mlowezi wa kuwahamisha babu zenu hakuja. Ndiyo maana tumezoea kuamini kwamba mambo hayo ni ya watu wa Tanga, Arusha na Kilimanjaro. Mimi nimefanya kazi ya utabibu Korogwe na Muheza hadi kustaafu, na nimetibu wazee wengi wa Kiha waliozeekea huko. Nimekuja kuwaambia kwamba shamba la Tanga lililimwa kwa gharama ya Kasulu na Kibondo, na sehemu kubwa ya gharama hiyo ilikuwa afya.

Nianze na mmea wenyewe. Mkonge si mmea wa kwetu. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo Mjerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Safari ilikuwa ndefu, miche mingi ikafa, na iliyofika hai na kupandwa Kikogwe karibu na Pangani ilikuwa 62. Katika miche hiyo 62 ndimo mlimotoka mkonge wote uliofunika Tanga, Muheza, Korogwe, ukateremka hadi Kilosa na Morogoro, na kuingia Kenya.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1895, serikali ya Kijerumani ikatangaza kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni mali ya dola. Sasa jiulizeni, ardhi isiyo na mwenyewe ni ipi? Mbondei au Mzigua analima konde miaka michache, kisha analiacha lilale lirudishe rutuba, anahamia jingine, atalirudia. Ofisa anapita siku konde limelala, anaandika: tupu. Hivyo ndivyo maeneo makubwa ya tambarare yalivyokwenda. Na mkonge ukishapandwa hautoki kesho: unangoja miaka mitatu hivi kabla ya kukatwa mara ya kwanza, kisha unakatwa miaka mingi mingine mpaka utoe mlingoti, ile shina ndefu ya maua. Konde lililokuwa likipumzika likageuka shamba la kudumu la mtu mwingine.

Lakini ardhi bila watu ni pori tu, na walowezi walijifunza hilo mapema. Wenyeji wa Tanga hawakuwa na haja ya kukata mkonge. Mbondei aliyelima mahindi na muhogo aliweza kuliuzia shamba chakula, akapata fedha ya kodi bila kuinama kwenye mstari wa mkonge. Ndipo ikaja mizengwe. Kule Wilhelmstal, ndiyo Lushoto ya leo, kuanzia mwaka 1907 kila mwanamume alipewa kadi: lazima afanye kazi kwa mlowezi siku 30 katika kila miezi minne, kwa ujira uliopangwa. Asiyejaza kadi alipelekwa kufanya kazi za serikali. Na kila mahali palikuwa na kiboko. Wazee wetu walikuwa na jina la adhabu hiyo, hamsa ishirini, na hadi leo mzee wa pwani akilitamka hilo hahitaji kueleza zaidi.

Hata kadi haikutosha, kwa hiyo mashamba yakatazama mbali. Walianza na Wanyamwezi na Wasukuma, watu wa safari tangu zama za misafara ya pembe za ndovu. Kisha likatokea jambo ambalo naomba mlishike, maana ndilo linaloeleza kwa nini sisi. Pamba ilipostawi Usukuma chini ya Waingereza, vijana wa Kisukuma wakapungua mashambani. Wachaga na Wahaya walikuwa na kahawa yao, nao hawakuonekana kwenye mkonge kwa wingi. Kila mahali mkulima alipopata zao la kumpa fedha ya kodi akiwa nyumbani kwake, msajili wa vibarua aliondoka mikono mitupu. Basi wasajili wakafuata zile sehemu ambazo hazikupewa zao: Songea, Njombe, na huku kwetu Buha.

Na msije mkadhani Buha ilikuwa maskini tangu Adamu. Chumvi ya Uvinza ilikuwa ikichemshwa na kuuzwa mbali kwa zaidi ya miaka elfu kabla ya Mjerumani. Palikuwa na ng'ombe, majembe, mawese ya kando ya ziwa. Nchi hii ilikuwa na biashara yake. Kilichoingia ni kodi ya fedha taslimu, ambayo Wajerumani waliianza mwaka 1898 na Waingereza wakaiendeleza, katika nchi ambayo soko la fedha liko mbali. Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na ungetarajia ilete soko hilo. Kwa Buha kazi yake kubwa ikawa kubeba wanaume. Walipanda treni, wengine wakashushwa Kilosa na Morogoro kwenye mkonge wa huko. Waliokwenda Tanga walimaliza safari kwa malori, kwa sababu reli ya Tanga na reli ya kati hazikuunganishwa hadi mwaka 1963. Kabla ya malori, watu walitembea. Granville Orde-Browne, aliyesimamia Idara ya Kazi ilipoanzishwa mwaka 1926, alijishughulisha sana na njia hizo za miguu, kwa sababu vibarua walikuwa wakifika wamedhoofu kabla hata ya kuanza kazi. Idara hiyo ilifungwa mwaka 1931 uchumi wa dunia ulipoanguka. Yaani mwaka ambao vibarua walihitaji msimamizi kuliko wakati wowote ule, ndio mwaka alioondolewa.

Haya, tuingie shambani. Manamba, yaani kibarua wa mkataba aliyetoka mbali, alipewa kipande, ndiyo kadi ya kazi, na kipande kilikuwa na nafasi za siku 30 za kazi. Muda wa kuzijaza ulikuwa siku 42. Siku uliyomaliza kazi uliyopimiwa, mnyapara aliiweka alama. Siku ya homa haikuandikwa, wala siku ambayo hukufikisha mafungu yako. Mshahara ulitoka kipande kikijaa. Mtu mwenye malaria alikuwa na uamuzi mmoja mgumu, alale apoteze siku au ajikokote akakate majani. Katikati alipewa posho, unga wa mahindi, maharage, chumvi, mahali pengine karanga.

Sasa hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu, nanyi mnivumilie nikae kidogo.

Mshahara ule ulipangwa kwa mtu mmoja. Ulihesabu tumbo lake, shuka lake na kodi yake. Haukumhesabu mke wala watoto wala mama mzee. Mwenye shamba akiulizwa, jibu lilikuwa tayari: familia yake ina shamba huko kwao. Hata Tume ya Kifalme ya Afrika Mashariki, iliyofanya kazi kati ya mwaka 1953 na 1955, iliukosoa mfumo huu wa vibarua wa kuja na kuondoka na ujira wao mdogo, na hiyo ni tume ya Waingereza wenyewe.

Fikirini maana yake kiuguzi. Mwanamume wa miaka ishirini anayefika Korogwe amebebwa mimba Kasulu, amenyonyeshwa Kasulu, ameuguzwa surua Kasulu, amelishwa kwa jembe la mama yake miaka ishirini. Shamba halikulipa hata senti katika hayo. Linamchukua akiwa na nguvu zake zote, linazitumia miaka kadhaa, na akiugua au akichoka, linamrudisha Kasulu akauguzwe na azeeke huko. Hapana kiinua mgongo wala matunzo ya ugonjwa alioupata kazini. Kwa hesabu hiyo mkonge ulionekana una faida kubwa sana. Ulikuwa unapokea ruzuku, na anayetoa ruzuku ni mwanamke wa Buha ambaye hajawahi kuliona jani la mkonge.

Tumtazame basi huyo mwanamke. Mvua zetu zinaanza Oktoba au Novemba. Kabla ya hapo kuna kufyeka pori, kukata miti, kuvunja ardhi ngumu. Kuna kujenga uzio na ghala, kuezeka nyumba. Kwa desturi sehemu kubwa ya hizo ni kazi za mwanamume. Ametoka, na pengine kaka yake naye ametoka. Mama atafanyaje? Atalima eneo dogo zaidi, atarudia konde lile lile lililochoka maana kufyeka jipya hawezi, na atahama kwenye ulezi aende kwenye muhogo. Ulezi unataka palizi, unataka mtu wa kufukuza ndege, unataka kuvunwa kwa wakati. Muhogo unasubiri ardhini. Serikali nayo ilikuwa ikiamuru muhogo upandwe kama kinga ya njaa, na kweli umeokoa maisha ya wengi, sitaki kuutukana. Mimi mwenyewe ugali wa muhogo na migebuka siwezi kuupisha.

Lakini nyinyi mnasoma lishe. Unga wa ulezi una protini kama gramu 7 katika kila gramu 100. Wa muhogo hauzidi 2. Ukiwa na maharage, samaki, maziwa, tofauti hiyo inazibwa. Palipo na mama mmoja anayelima peke yake, ambaye hana muda wa kupika mara tatu, anayemwachia mtoto wa miaka miwili uji mwepesi wa muhogo chini ya uangalizi wa dada yake wa miaka sita, haizibiki. Mtoto ameshiba, na bado anadumaa. Njaa ya namna hiyo haina mwaka wala jina, kwa hiyo haikuingia kwenye taarifa za njaa.

Kuna na malale. Mbung'o anapenda pori, na adui wake mkubwa ni mkulima anayefyeka. Mikono ikipungua pori linarudi, na mbung'o anarudi nalo. Nisiwadanganye kwamba mkonge peke yake ndio ulioleta malale hapa. Sotoka ya miaka ya 1890 ilikuwa imemaliza ng'ombe, Vita Kuu ya Kwanza ikapita na wapagazi, njaa na magonjwa yake. Kuondoka kwa wanaume kulikuja juu ya hayo yote. Katika miaka ya 1930 serikali ikawakusanya watu wa Buha kwenye makazi ya pamoja ili kuwaepusha na mbung'o, na maeneo waliyoyaacha yakawa pori zaidi.

Huko kambini hali ilikuwaje? Mtu wa milima ya Kasulu au Njombe hakuizoea malaria ya tambarare za pwani. Alikuwa mtu mzima, lakini mbele ya homa ile alikuwa kama mtoto. Kambi zilikuwa mabanda yenye msongamano na vyoo vichache, na watu wengi walitembea peku. Nyinyi mnajua mabuu ya safura yanapita wapi: kwenye ngozi ya mguu, kutoka udongo uliochafuliwa na kinyesi. Mtu mwenye safura anapungukiwa damu, anachoka. Mnyapara anamwona mvivu. Nadhani nusu ya sifa za uvivu zilizoandikwa kuhusu vibarua wa Kiafrika zingefutwa na kipimo kimoja cha damu.

Kazi yenyewe nayo ilikuwa na alama zake. Jani la mkonge lina mwiba nchani, na macho yaliumia. Utomvu wake unawasha ngozi mpaka inachubuka. Ndani ya korona, mashine ya kusaga majani, vidole vilikwenda. Kwenye chumba cha kupigia brashi vumbi la nyuzi lilijaa hewani kutwa, na mkohoaji alichukuliwa kama mtu mwenye mafua. Nje, jani zima hutoa nyuzi asilimia 4 hivi au pungufu, yaliyobaki ni maji machachu na makapi, na maji hayo yaliachiwa kwenye vijito ambavyo watu wa chini waliteka. Kwa hiyo hata Mbondei asiyewahi kushika kipande alikunywa mkonge.

Kisha kulikuwa na kaswende, kisonono na kifua kikuu. Kambi ya maelfu ya wanaume bila wake zao huzaa yale mnayoyafahamu. Mkataba ulipokwisha, magonjwa hayo yalipanda treni pamoja na mwenye nayo. Shamba kubwa lilikuwa na zahanati, wakati mwingine hospitali nzuri kuliko iliyokuwa wilayani kwao. Lakini kazi yake ilikuwa kumrudisha mtu kwenye mstari. Mke aliyeambukizwa Kibondo na mimba iliyoharibika Kibondo havikuwa kwenye daftari la zahanati hiyo.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili hata ule uhuru mdogo wa kukataa uliondolewa. Mwaka 1942 Wajapani walishika Ufilipino na Java, na nyuzi za kamba za meli za Waingereza na washirika wao zikawa zinategemea Afrika Mashariki. Serikali ikaanza kuwaandikisha watu kwa lazima na kuwapeleka kwenye mashamba ya watu binafsi. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda ofisi yao ya kusajili vibarua, ile SILABU (kifupi cha Kiingereza cha Sisal Labour Bureau) ambayo wazee wetu wanaikumbuka, na usajili ukapangika vizuri: usafiri, blanketi, kupimwa afya. Kupimwa huko kulikuwa na jambo moja la kikatili lisilokusudiwa. Waliofaulu walikwenda. Waliokataliwa, wenye kifua kibovu au mguu mfupi, ndio walioachiwa mashamba ya nyumbani pamoja na akina mama.

Najua kuna mzee hapa ananitazama kwa jicho la "huyu anasema nini". Baba yake alikwenda kwa hiari, akarudi na baiskeli, cherehani na mali ya kuolea. Ni kweli. Vijana wengi waliipenda safari. Iliwatoa chini ya wazee wao, iliwapa Kiswahili, marafiki wa makabila yote, na ujuzi wa mji. Wengine walijifunza siasa na vyama vya wafanyakazi huko huko. Chama cha wafanyakazi wa mkonge cha akina Victor Mkello kilipata nguvu miaka ya mwisho ya 1950 kwa migomo kama ule wa Mazinde wa mwaka 1958. Siwafanyi babu zetu kuwa mbuzi wa kuswagwa. Ila mtu kuchagua njia nzuri kati ya mbili alizoachiwa hakufuti swali la nani aliyeziba zile nyingine.

Baada ya uhuru mambo yalibadilika haraka kuliko mtu alivyotarajia. Kima cha chini cha mshahara kilipopanda mwanzoni mwa miaka ya 1960, wenye mashamba wakapunguza watu kwa maelfu. Hapo ndipo ilipoonekana wazi kwamba faida yao ilikuwa imesimama juu ya bei ya mtu. Uzalishaji ulifika kilele mwaka 1964, tani zipatazo 230,000, kisha nyuzi za plastiki zikaingia sokoni na bei ikaporomoka. Mwaka 1967 mashamba mengi yakataifishwa. Waliorudi walirudi, waliobaki ndio niliowatibu. Wana majina ya Kiha, wajukuu zao wanaongea Kiswahili cha Tanga, na hawana shamba la ukoo huku wala kule, kwa sababu kambi haikuwa ardhi ya kurithi na ya nyumbani ilikwishagawanywa.

Mtaniuliza kama hayo yanahusiana na kliniki mtakazokwenda kufanyia kazi. Nitajibu kwa tahadhari. Njombe na Ruvuma, zile zile zilizotoa manamba kwa wingi, katika utafiti wa afya wa mwaka 2015 na 2016 zilikuwa miongoni mwa mikoa yenye watoto wengi waliodumaa, karibu nusu ya watoto Njombe, na ni mikoa inayolisha nchi mahindi. Inashawishi kusema: mkonge huo. Mimi sisemi hivyo. Imepita miaka sitini, na sababu ni nyingi. Ninachokiona ni kwamba wanapoulizwa wataalamu kwa nini mtoto adumae penye ghala limejaa, wanataja kila mara mzigo wa kazi wa mama. Kwa hiyo siku mtakapompima mtoto mkakuta urefu wake uko nyuma ya umri wake, kabla ya kumfundisha mama makundi ya vyakula ambayo ameshayasikia mara nyingi, muulizeni nani mwingine analima naye, na baba yuko wapi msimu huu. Safari za vibarua hazijaisha. Zimebadili tu uelekeo, kwenda kwenye tumbaku, machimbo na mijini.

Na daftari la kliniki lina sehemu ya uzito, urefu na chanjo. Hiyo sehemu ya nani analima haimo. Iandikeni pembeni kwa kalamu.

Ndugu mwenyekiti ananionesha saa. Maswali nitayapokea, na ningeomba tuanze na akina mama, hasa wale ambao baba au babu zao walipita Korogwe, maana wapo hapa, nimeshawasikia wakinong'ona tangu nilipotaja SILABU.